Inchi Mbili na Goti la Shosho

Jumapili, 2 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu kichwa changu hakitoshi. Nitaandika kila kitu nitakachoifanyia pikapu yangu, na kila mtu atakayenidanganya, ili nikimrudia nimrudie na tarehe.

Kazi yangu ni kubeba. Siku za wiki nabeba marobota ya mitumba Gikomba, wikendi nabeba majeneza kuyapeleka mashambani. Nimefika Kitui, Nyandarua, Siaya, na sijawahi kumwacha marehemu njiani. Isipokuwa mmoja. Aprili mwaka jana nilimbeba mume wa Shosho Kageha, bibi kizee jirani yangu hapa Shauri Moyo, mlango kwa mlango miaka kumi na tisa. Nairobi tulitoka vizuri, Chavakali tukapita vizuri, lakini kilomita mbili kabla ya boma lao mvua ilikuwa imeifanya barabara uji. Magurudumu yakatumbukia kwenye mitaro iliyochimbwa na trekta, tumbo la gari likakalia tuta la katikati, nikabaki nazungusha tairi bure. Wanaume wakachukua jeneza begani wakaenda nalo. Shosho, na lile goti lake bovu, akabaki kwenye kiti cha mbele. Alikaa hapo masaa matatu akisikia nyimbo kwa mbali. Mume wa miaka hamsini na miwili akazikwa bila mkewe kumtupia hata kiganja kimoja cha udongo.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo tumetoka kanisani akaniita kwake, akanipa chai, akangoja niimalize.

"Triza, Jumamosi ya mwisho ya Aprili wanamfanyia mzee kumbukumbu ya mwaka. Siku hiyo hiyo mafundi wanaweka simiti juu ya kaburi. Wakishaweka, mimi udongo wangu nitautupa wapi?"

"Nitakufikisha, Shosho."

"Mpaka kwenye lango?"

"Mpaka kwenye lango."

"Aprili kuna mvua."

"Hata inyeshe mawe."

Basi nimesema. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda Pumwani kwa Yonis, muuza tairi. Kabla ya biashara hii aliendesha malori ya kwenda Wajir, kwa hivyo matope anayajua kuliko mimi. Nilimwambia nataka zile tairi pana, nene, zenye meno kama ya mamba.

"Hizo ni za kupigia picha, dada," akasema. "Gari lilikwama namna gani? Nieleze."

Nikaeleza. Akalala chini ya pikapu na kanzu yake nyeupe, bila hata kutandika gunia, akagonga kitu na pete.

"Hii ndiyo ilikukwamisha. Difu." Ni lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. "Hii ndiyo inakalia tuta. Chukua tairi ndefu, nyembamba. Nyembamba inakata matope inatafuta ardhi ngumu huko chini. Pana inaelea juu, inateleza. Na ndefu inainua difu."

Nikamwambia difu nitaiinua kwa springi.

"Springi inainua bodi, dada. Difu inainuliwa na tairi peke yake."

Muuza tairi angesema nini kingine? Nikamwacha pale na kalamu yake ya bei mkononi, nikaenda zangu.

Alhamisi, 6 Machi

Naftaly ndiye fundi wa springi, kibanda chake kiko upande wa Gikomba, na huwezi kuongea naye bila kupiga kelele kwa sababu kuna nyundo tangu asubuhi. Wateja wake wote ni watu wa kujaza gari mpaka liugue, kwa hivyo yeye ana dawa moja tu: kuongeza jani. Springi ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine, na Naftaly haoni gari bila kuliongezea jani.

"Unataka kuinua inchi ngapi?"

"Ngapi ndizo nyingi?"

"Sita."

"Weka sita."

Akaniangalia. "Triza, sita ni nyingi."

"Nimekuuliza ngapi ndizo nyingi, ukanijibu. Weka."

Jumatatu, 10 Machi

Jua kali. Pikapu iko kwa Naftaly. Nimekodi mkokoteni.

Ijumaa, 14 Machi

Imetoka! Mbele majani mawili zaidi, nyuma matatu. Imesimama pale kama ndama aliyeinuka mara ya kwanza, miguu mirefu, tairi zile zile ndogo. Nimeingia estate nikipiga honi. Watoto walinifuata. Nimeona raha ambayo sikuwa nayo tangu mwaka jana, na siandiki uongo: niliona raha ya kiburi.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya mtihani. Nimeweka trei ya mayai kwenye kiti atakachokaa Shosho, nikaizungusha pikapu kwenye mashimo ya estate mpaka Jogoo Road na kurudi. Mayai thelathini yaliondoka, kumi na moja yakarudi. Kila shimo linakurusha mpaka kichwa kinagonga paa. Majani mengi hivyo yanataka tani mbili mgongoni ndipo yalainike, na Shosho hafiki kilo hamsini.

Nimempigia Naftaly. Ati mayai yalikuwa mabovu. Mayai!

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Chapati za mayai tena.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimeaibika, na nitaiandika yote.

Nilimwalika Shosho aje ajaribu kupanda. Alivaa kitambaa chake cha kanisa, akatoka na kile kigoda chake cha jikoni, maana hata gari likiwa chini lazima akanyage kitu kwanza. Plot nzima ya wapangaji ikatoka kuangalia. Akakiweka kigoda chini, akapanda juu yake, akashika mlango, akainua mguu mzuri. Haukufika. Akajaribu na ule wa goti bovu, nao hata nusu haukufika. Akapumua. Akajaribu tena. Nilisikia goti likilia.

Vijana wawili wa kubeba marobota wakaja mbio. "Shosho, tukubebe tu, ni kitu kidogo."

Akawageukia. "Mimi sibebwi. Siku yangu ya kubebwa naijua, na si leo."

Akashuka kwenye kigoda, akakichukua, akarudi ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliufunga polepole, na hiyo ndiyo imeniuma.

Nilipima matope, nikapima barabara, nikapima kiburi changu. Abiria mwenyewe sikumpima. Pikapu ninayoijenga kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo haingii! Nimekaa kwa ngazi za mlango wangu nikalia kama mtoto, halafu nikajiambia wacha ujinga, Triza, Aprili haikungoji.

Jumapili, 23 Machi

Sikuenda kanisani. Nimelala chini ya pikapu na futi ya kupimia. Mwaka jana, siku tuliyoivuta, nilipima kwa hasira kutoka chini ya difu mpaka ardhini nikaandika kwa kalamu ndani ya mlango wa pikapu. Leo nimepima tena. Ni ile ile! Bodi imepanda inchi sita, mimi nimepanda kichwa, difu haijasogea hata unywele. Sikuamini, nikapima mara ya pili, nikafuta difu kwa kitambaa nikapima mara ya tatu.

Kumbe ekseli inakaa kwa magurudumu. Springi ziko juu yake. Ningerudi kule na inchi zangu sita, ningekwama pale pale, tena nikiwa juu zaidi ili watu wanione vizuri.

Yonis alisema ukweli. Nimeandika hapa nitamrudia na tarehe kila aliyenidanganya. Aliyenidanganya ni mimi, tarehe 6 Machi.

Jumatatu, 24 Machi

Yonis aliniona nikija, akaanza kucheka kabla sijafika.

"Asiyesikia la mkuu?"

"Huvunjika guu, Yonis. Maliza ucheke, tufanye kazi."

Amenitafutia nne, nyembamba, ndefu, inchi thelathini na mbili kwenda juu. Zangu za zamani ni ishirini na nane. Nusu ya tofauti ndiyo inaenda kwa difu, inchi mbili. Amenionyesha kwa vidole vyake vitatu vilivyobanwa pamoja. "Hii, dada, ndiyo mtu kufika na mtu kutofika."

"Na springi?"

"Inchi mbili pia, tairi isikwaruze madigadi ukikata kona. Zaidi ya hapo ni madoido."

Jumanne, 25 Machi

Naftaly amekasirika. "Tangu nianze kazi hii hakuna mtu amewahi kuniambia niondoe jani! Watu watasema nini? Watasema springi za Naftaly ni laini!"

"Fundi, abiria wangu ni mmoja."

"Ni nani huyo, mfalme?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, masaa matatu kwenye kiti, nyimbo za mbali, kigoda, mguu usiofika. Nilikuwa napiga kelele juu ya nyundo, halafu nikagundua nyundo zimenyamaza na banda lote linanisikiliza. Naftaly alifuta mikono kwenye suruali.

"Kwa nini hukusema hivyo mara ya kwanza?" akasema. "Wewe ulikuja kuniuliza ngapi ndizo nyingi."

Jumatano, 26 Machi

Sikutarajia. Naftaly amekuja mwenyewe estate, ameoga, na gunia la vipande vya mbao begani. Akabisha kwa Shosho.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kupima."

"Marahaba. Kupima nini?"

"Goti."

Shosho alicheka mpaka akashika mlango. "Nimepimwa gauni, nimepimwa presha. Gari sijawahi kupimiwa!"

Naftaly akamwomba asimame kwenye kigoda chake. Mbele yake akapanga mbao, kipande juu ya kipande, na kila kipande Shosho anainua mguu anakanyaga. "Hapo?" "Hapo sawa." "Na hapo?" "Sawa." Akaongeza. Shosho akafinya uso. "Punguza hicho cha mwisho." Akakipunguza. "Hapo ndipo." Naftaly akachora mstari wa chaki kwenye mwimo wa mlango, akapima na futi, akaandika kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya ngozi. Ukiweka tairi za Yonis na inchi mbili za springi, kizingiti cha mlango wa pikapu kinakuja kidole kimoja chini ya chaki.

Nilikuwa namwona Naftaly kama mtu wa nyundo tu. Nimekosea watu wengi mwezi huu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua siku ya nne. Gikomba ni mto. Majani ya kuongeza yametolewa yote, yale ya asili yametiwa moto na kupigwa upya, yakakunjwa zaidi kidogo. Tairi zimefungwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mayai thelathini yameondoka, ishirini na tisa yamerudi. Hilo moja nililikalia mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Jacky amekuja kutoka Umoja, binti ya Shosho, huyu wa mwisho. Alinikuta naosha pikapu na hakusalimia.

"Triza, mum haendi mahali."

"Niaje pia wewe, Jacky."

"Niko serious. Umeona news? Kule kunanyesha kila siku. Mtu wa miaka sabini na nane, goti hivyo, unampeleka kwa matope? Si wangoje Juni?"

"Mafundi wa simiti wameshaitwa. Ndugu za baba yako wote wanakuja tarehe hiyo."

"Basi aangalie kwa video." Akakaribia. "Wacha nikuulize kitu. Hii safari ni ya mum, ama ni yako? Maana nakuona tangu mwaka jana. Huwezi hata kumwangalia kwa macho."

Nilitaka kumrushia kitambaa chenye povu. Nimekaa na swali hilo mpaka sasa. Ni yangu pia, Jacky. Siwezi kukataa. Mimi ndiye nilikuwa kwenye usukani.

Lakini nilimwambia aende amuulize mamake, si mimi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Ati Juni ni ya nani," akasema. "Ananiuliza mimi, Juni ni ya nani." Akachukua ndoo yangu akanisaidia kusuuza magurudumu, na viatu vyake vya mjini.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeenda Ruai na Yonis, kwenye shamba moja la udongo mweusi ambao ukinyeshewa hata mbuzi anakwama. Aliniambia nipunguze upepo kidogo kwenye tairi, niweke gia nzito ya kwanza, nisiguse breki, nisikanyage mafuta kwa hasira. "Wewe una hasira ya mguu, dada. Wacha itembee yenyewe."

Mara ya kwanza nilikanyaga, ikachimba. Mara ya pili nikaiacha. Ikaenda, pole, matope yakiwa nusu ya tairi, na nikahisi kule chini ikikuta kitu kigumu na kukishika. Nilipiga kelele ya furaha, Yonis akaziba masikio.

"Kitu kimoja," akasema tukirudi. "Kwa matope hausimami. Kwa sababu yoyote ile. Ukisimama, utalala hapo."

Alhamisi, 17 Aprili

Inanyesha.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Shosho amepanda mwenyewe! Kigoda, mkono kwa mlango, mguu mzuri ukakanyaga, akajivuta, akakaa. Akarekebisha kitambaa. Plot nzima ikapiga makofi, na wale vijana wa marobota ndio walipiga zaidi. Alikataa kushuka. Alinywa chai yake ya Pasaka humo ndani, dirisha likiwa wazi, akisalimia watu kama mjumbe wa nyumba kumi.

Alhamisi, 24 Aprili

Jacky ameomba ruhusa kazini. Anakuja nasi, atakaa katikati. Ndugu mmoja amepiga simu kutoka nyumbani: barabara imekatika kidogo, lori la mchanga limekwama tangu juzi. Nimemsikiza mpaka mwisho nikamwambia asante. Nimeongeza koleo na kamba.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumetoka alfajiri, tumefika Chavakali saa tisa mchana kwa binamu yao. Shosho alilala njia nzima, hata penye matuta. Nitamwambia Naftaly.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika nikiwa kwenye boma lao, jua linaelekea kuzama, mikono yangu bado ina udongo.

Ilinyesha tangu alfajiri ikakata saa tatu. Saa nne tukaacha lami. Barabara ilikuwa nyekundu, ile mitaro ya trekta ilikuwa pale pale kana kwamba inanisubiri, na lori la mchanga limelala ubavuni. Nikapunguza upepo, nikaweka gia nzito. Jacky alishika mkono wa mamake, mimi nikashika usukani kama sufuria ya moto. Tairi zikashuka kwenye mitaro, zikazama, zikakuta ardhi. Nilingoja ule mlio wa difu ikikwaruza tuta. Nilingoja. Haukuja. Vidole vitatu vya Yonis vilikuwa vinapita juu ya lile tuta, na mimi nikaanza kutabasamu peke yangu.

Tukafika kwenye ule mparachichi, pale tulipokwama mwaka jana. Niliujua mara moja.

"Simama hapa," akasema Shosho.

"Mum, hapa hapana!" Jacky akaruka. "Triza, usisimame!"

Nikamkumbuka Yonis. Kwa sababu yoyote ile. Nikamwangalia Shosho, kwa macho, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananiamini. Nikasimama.

Aliteremsha kioo. Akaangalia ule mti muda mrefu.

"Hapa ndipo nilikaa," akasema. "Nilihesabu maparachichi ya ule mti wakati wanamzika. Yalikuwa arobaini na moja. Nilikuwa nikifika mwisho naanza tena, nisisikie zile nyimbo."

Jacky aliweka kichwa chake begani kwa mamake. Mimi sikusema ninachosema siku zote, kwamba pole. Nilisema, "Shosho, nisamehe."

"Wewe ulibaki na mimi kwa gari," akasema. "Wengine wote walienda. Unafikiri sikukuona?" Akapandisha kioo. "Haya, twende."

Niliachia klachi. Tairi ya nyuma ikazunguka mara moja mahali pamoja, na moyo wangu ukazunguka nayo. Sikukanyaga. Haki ya Mungu, mguu wangu wote ulitaka kukanyaga, na sikukanyaga. Ikauma kitu. Ikasogea. Ikaenda.

Langoni watu walikuwa wanatungoja kwa miguu, tayari wakiwa wamekuja na kiti cha kumbebea. Shosho aliwaambia wakirudishe. Nikashuka, nikaweka kigoda chini ya mlango, nikakaa kando. Alitoa mguu mmoja, akakanyaga kigoda, akatoa wa pili, akakanyaga nyumbani kwake.

Kaburi lilikuwa bado bila simiti, udongo tu, umeota nyasi kidogo. Mafundi walikuwa pembeni na mchanga wao na koleo zao. Goti halikunji mpaka chini, kwa hivyo Jacky aliinama amchotee. Shosho akamzuia. Akaitisha kigoda, akakiweka ukingoni, akakaa, akanyoosha mkono, akachota udongo mwenyewe, mwekundu, wenye maji. Akaushika kidogo, kisha akaufungua mkono juu ya kaburi.

"Sasa ndiyo umezikwa, mzee wangu."

Akafuta kiganja kwenye gauni, akawageukia mafundi.

"Haya. Wekeni simiti yenu."